Sauti Kutoka Nyuma ya Mstari

Mwalimu Otiende aliuimba wimbo wa Bochaberi mara moja tu, polepole, huku akigonga mapigo kwa penseli ukingoni mwa meza. Alipofika mwisho aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokitaka.

“Bwana asifiwe,” akasema.

“Amina,” Bochaberi akajibu, kisha akauma midomo.

“Umeona? Umeitikia bila kufikiri. Umeandika hapa juu kwamba huu ni wimbo wa wachuma chai. Mimi nikifumba macho nasikia sadaka ikipitishwa.”

Huo ulikuwa wimbo wake wa pili kukataliwa. Wa kwanza ulihusu mvua, na Otiende alisema ungefaa mazishi ya mtu ambaye hakupendwa sana.

Ilikuwa Machi 1972. Bochaberi alikuwa mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho, katika chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya mji wa Kisii. Alikuwa amechagua somo la muziki kwa sababu aliujua. Alizaliwa Marani katika nyumba ya Waadventista, akasimama kwenye kwaya tangu akiwa na miaka sita, na do-re-mi iliyoandikwa ubaoni aliisoma upesi kuliko wenzake walivyosoma gazeti. Sauti nne zilikaa kichwani mwake kama vikombe kabatini, kila kimoja mahali pake. Ndiyo maana hakuliona kosa. Mapigo yalihesabika sawasawa. Sauti hazikugongana. Kila ubeti ulimalizika vizuri.

“Hiyo ndiyo shida,” Otiende alisema. “Kila kitu kinamalizika vizuri. Nani anauimba wimbo huu? Amesimama wapi? Mikono yake inafanya nini? Hujui. Wewe umepanga noti zikapangika. Nenda likizo, urudi na kitu chenye mtu ndani.”

“Na nisipokipata, Mwalimu?”

“Kanuni unaijua.”

Aliijua. Mtihani wa muziki ulikuwa Oktoba. Kila mwanafunzi alileta wimbo wa kutunga mwenyewe, akauandika, akawafundisha wenzake, ukaimbwa mbele ya mtahini kutoka Nairobi. Aliyeanguka alirudia mwaka mzima. Kwa wengine hiyo ilikuwa aibu, na aibu hupoa. Kwa Bochaberi ilikuwa mtoto. Binti yake Mong'ina alikuwa na miezi minane siku aliyomwacha kwa mama mkwe wake huko Kebirigo ili aje chuoni. Sasa alikaribia miaka miwili. Krismasi mtoto alikuwa amelia alipompakata. Akimwongezea mwaka mwingine, atarudi kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu asiyemjua.

Alipofika Kebirigo mwezi wa Aprili, mambo yalikuwa yamesogea. Mong'ina hakulia tena. Alimtazama Bochaberi kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa kanisani, kisha akageuka na kumshika nyanya yake sketi.

“Mama,” mtoto akamwambia nyanya, “nataka uji.”

Bochaberi alichukua mtungi akaenda kuteka maji, na alipofika kisimani alikaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe wake, Bitutu, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya haraka na ulimi wa haraka zaidi, na mume wa Bochaberi, Makori, aliyekuwa karani Kericho, alisema mama yake hajawahi kumaliza sentensi akiwa amekaa. Jioni hiyo Bitutu alimwona mkwewe akiandika kwenye daftari karibu na moto.

“Mwalimu, unaandika barua?”

“Wimbo, mama.”

“Wimbo unaandikwa?”

“Ndiyo. Unaandikwa, kisha unaimbwa.”

Bitutu akageuza kibuyu cha maziwa mkononi. “Basi kesho acha kuandika. Kesho ni zamu ya Mama Onsongo, na mimi nina mgongo mmoja tu.”

Zamu aliyoitaja ilikuwa ya egesangio, kundi la akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, keshokutwa kwangu. Walikuwa kumi na wanne. Msimu huo walikuwa wakipalilia wimbi, ile nafaka ya uji. Mama Onsongo alikuwa amepanda lake kwa mistari, kama bwana shamba alivyoagiza, na wenzake walikuwa wamemcheka mpaka walipogundua kwamba kwenye mistari jembe linapita bila mtu kuinama sana. Sasa walimcheka kwa jambo jingine.

Asubuhi umande ulikuwa bado juu ya majani walipojipanga. Bochaberi alijiweka katikati, daftari dogo ndani ya mfuko wa aproni. Alitarajia Bitutu, ambaye ndiye aliyewaimbisha siku zote, aje mbele yao awatazame, kama kiongozi wa kwaya. Bitutu akapita, akaenda nyuma ya mstari wote. Akachukua kipande cha mwisho cha shamba, kile walichokwisha kupita wengine, akawa anaokota magugu waliyoyaacha, akiitazama migongo yao.

Akaanza kuimba bila kuonya mtu.

Bochaberi alikuwa amezisikia nyimbo za kupalilia tangu utotoni, kwa namna mtu anavyosikia kuku. Hakuwahi kuzisikiliza. Siku hiyo, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno ya Otiende, alisikiliza, na baada ya mistari mitatu alihisi nywele zikimsimama shingoni.

Waitikiaji hawakumngoja.

Bitutu alikuwa hajafika mwisho wa mstari wake, bado neno la mwisho liko kinywani, na kumbe akina mama kumi na watatu walikwisha kuingia chini yake, kwa sauti nzito, wakati uleule majembe yanaposhuka. Neno lake la mwisho likapita juu ya sauti zao kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Halafu wao nao, kabla hawajamaliza, yeye akawa ameanza tena. Hapakuwa na mshono. Bochaberi alitafuta mahali ambapo wimbo ulipumua, hakupaona. Kila aliyepumua alipumua huku mwingine akiimba. Katika nyimbo zote alizowahi kuandika, mtu mmoja alisema, akanyamaza, ndipo wengine wakajibu, kama watoto wa shule wanaoinua mkono. Hakuwa amejua kwamba kuna njia nyingine. Hapa ilikuwepo, shambani kwa Mama Onsongo, na ilikuwa imekuwepo siku zote.

Alisimama. Akatoa daftari. Akaanza kuandika: so, mi, mi, re...

Sauti kutoka nyuma haikusita hata kidogo. Ilipanda tu kidogo, ikaimba:

“Mke wa Makori amesimama, jembe lake linamwuliza—”

Majembe yakashuka. “Inua, mama, inua!”

“—amesoma mpaka ameota mizizi, nani atampalilia?”

“Inua, mama, inua!”

Mstari mzima ukapasuka kwa kicheko, lakini hakuna jembe lililokosa kushuka. Mama Onsongo, aliyekuwa pembeni yake, alicheka huku akiitikia, machozi yakimtoka.

“Mwalimu, umeitwa jina! Lima!”

Bochaberi akalima. Uso ulimwaka, ila si kwa aibu. Alikuwa akihesabu. Kati ya jembe kuinuka na jembe kushuka, Bitutu alikuwa amemwona mtu amesimama, amepata maneno, ameyakata yaenee kwenye mapigo, na ameyafunga kwa sauti inayoteremka pale ambapo kiitikio kinaanzia. Bochaberi mwenyewe alitumia wiki mbili na kifutio kufanya jambo hilo, na hakuwa amelifanya.

Asubuhi nzima Bitutu hakurudia mstari. Aliyechelewa alisikia jina lake. Aliyeharakisha na kuacha magugu alisikia jina lake na la mumewe. Mama mmoja aliyekuwa amefiwa mwezi uliopita aliimbiwa kwa sauti ya chini, mistari miwili tu, na waitikiaji wakapunguza sauti bila kuambiwa na mtu. Kisha wimbo ukainuka tena. Bochaberi aliona, kwa pembe ya jicho, yule mama akifuta uso kwa mkono wenye udongo na kuendelea kulima, na alihisi kitu kifuani ambacho alikuwa amekihisi zamani sana, kanisani, akiwa mtoto, kabla hajajua kusoma noti.

Jioni alimkuta Bitutu akimenya ndizi.

“Mama, maneno yanayofuata unayajuaje?”

“Siyajui. Nikiyajua nitachelewa.”

“Na wao? Wanajuaje kuanza kabla hujamaliza?”

Bitutu akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. “Nani ameanza kabla? Wao wanaanza jembe likishuka. Mimi ndiye ninayechelewa kumaliza. Maneno yangu yana mkia.”

“Unachelewa makusudi?”

“Mwalimu, nishikie hiyo ndizi. Ukiuliza bila kumenya tutalala njaa.”

Bochaberi akamenya. Lakini kabla ya kulala alichora mistari miwili kwenye daftari, mmoja juu, mmoja chini. Wa chini akauwekea majembe, yaliyoshuka kwa vipindi sawa, na kiitikio juu yake. Wa juu akauacha uanze popote na kuvuka mipaka yote. Kisha akaja kwenye maneno ya mwimbishaji na penseli ikakwama. Angeandika nini? Yale ya leo yalikuwa ya leo. Mwishowe aliandika mistari michache tu, na kati yake akaacha nafasi tupu.

Otiende aliitazama karatasi hiyo mwezi wa Mei kwa muda mrefu. Alijaribu kuiimba, akashindwa, akajaribu kuuimba mstari wa chini kwa mdomo na wa juu kwa kichwa, akacheka peke yake.

“Hii sasa siwezi kuiimba mwenyewe.”

“Ndiyo, Mwalimu. Haiimbiki na mtu mmoja.”

“Na hapa pametoboka.”

“Pameachwa.”

“Mtahini atasema hujamaliza.”

“Nitamwambia.”

“Utamwambia!” Otiende akavua miwani. “Haya. Mstari wako wa tatu unanuka kanisa, lakini endelea. Ila nakuonya, Bochaberi, ukiuleta ukumbini ukavunjika, mimi sina la kukusaidia.”

Ulivunjika mara tu walipofanya mazoezi ya kwanza. Wenzake kumi na wawili walijipanga ukumbini kwa heshima, wasichana mbele, wavulana nyuma. Orpah, rafiki yake wa chumba kimoja, aliongoza sauti ya kwanza. Fred, kijana wa upande wa ziwa mwenye kifua kama pipa, alishika ya nne. Bochaberi alisimama mbele yao, akapiga uma wa kupimia sauti, akaanza. Alipofika mahali pa kuingia, hakuna aliyeingia. Walisubiri. Aliponyamaza kabisa ndipo walipojibu, vizuri sana, kwa pamoja, na wimbo ukafa pale pale.

“Mnangoja nini?” akawauliza.

“Umalize,” Orpah akasema.

“Msingoje nimalize.”

“Yaani nikukatize ukisema? Mama yangu angenizaba kofi.”

“Na mkono wako,” Fred akaongeza. “Mkono wako uko juu. Sisi tunaangalia mkono.”

Bochaberi akautazama mkono wake. Ulikuwa kweli hewani, ukiwazuia, kama mkono wa kila mwimbishaji wa kwaya aliyewahi kumjua. Walijaribu mara saba. Mara ya nane Orpah akaingia mapema kwa nguvu, peke yake, akashtuka, akaomba radhi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Alianza kuota kuhusu Mong'ina, na katika ndoto mtoto alimsalimia kwa kumpa mkono.

Ijumaa moja, kipindi cha kilimo, darasa lao lilikuwa likipalilia maharagwe ya chuo. Bochaberi alikuwa amechelewa kwa sababu ya kurudisha kitabu maktaba, akaja akiwa na jembe begani, akaikuta migongo ya wenzake imejipanga mbele yake. Alisimama. Wote walikuwa wamemgeuzia kisogo. Hakuna aliyeweza kuuona mkono wake hata angeupunga kama bendera.

Akaanza kuimba pale pale alipokuwa, nyuma yao.

“Fred wa chuo jembe limemshinda—”

Jembe la Orpah likashuka. Sauti ya Orpah ikashuka nalo, na ya Fred, na za wengine, kwa kiitikio cha mazoezini. “Tupo mstarini, tupo!” Bochaberi alikuwa bado na maneno matatu kinywani. Aliyaimba juu ya sauti zao. Ilikuwa imetokea. Akatupa mstari mwingine, na mwingine. Hakujua ulikotoka. Orpah amevaa viatu vya Sabato shambani, Orpah anafikiri maharagwe ni ubatizo. Na kila mstari ulipofika mwisho ulikuta sauti kumi na mbili zimekwisha kuutandikia. Mwalimu wa kilimo alikuja kuona kelele ni ya nini, akasimama mpakani na mikono kiunoni, kisha kichwa chake kikaanza kuyumba. Shamba ambalo huwachukua vipindi viwili lilikwisha kwa kimoja. Walipoacha, Fred alikipapasa kifua chake kwa mikono, kama anayehakikisha mapafu bado yamo.

“Hiyo ilitoka wapi?” akauliza.

“Kwa mama mkwe wangu,” Bochaberi akasema.

Oktoba ikafika. Mtahini alikuwa mwanamke, Bi. Nereah, mwembamba, amevaa suti ya kijivu, na alikuwa amesikiliza nyimbo tisa tangu asubuhi bila kubadilisha uso. Alipewa karatasi ya Bochaberi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

“Hapa pako wazi.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Na hapa, na hapa. Umekosa muda?”

Otiende, aliyeketi pembeni, alitazama dari.

“La, Bibi. Hapo mwimbishaji anamwita aliye mbele yake. Siwezi kuandika kabla sijamwona.”

“Katika mtihani wa utunzi, unaniletea utunzi usioandikwa?”

“Nimeandika mahali pake, urefu wake, na sauti inapoanguka. Maneno yatakuja.”

“Yasipokuja?”

Bochaberi alifikiri juu ya mtoto mwenye adabu, akishika sketi ya mtu mwingine. “Basi utaniangusha, Bibi, na utakuwa na haki.”

Bi. Nereah akaweka kalamu tayari. “Anza.”

Bochaberi akawapanga wenzake wakimtazama mtahini, akaenda nyuma yao. Aliona uso wa Bi. Nereah ukimtafuta, ukaona kwamba hapakuwa na mtu mbele, wala mkono uliopigwa hewani. Ukumbi ulikuwa wa saruji. Fred akapiga mguu chini, mara moja, na wote wakaanza kupiga pamoja naye, polepole, kama jembe.

Mstari wa kwanza, ulioandikwa, ukapita. Kiitikio kikaingia chini yake. Wa pili ukapita. Ikaja nafasi ya kwanza, na Bochaberi akafungua kinywa bila kitu ndani yake.

“Mgeni wa Nairobi ana kalamu, magugu yake ni wino—”

“Tupo mstarini, tupo!”

“—ameketi tangu alfajiri, nani amempa chai?”

Otiende akafunika uso kwa mikono. Kalamu ya Bi. Nereah ilisimama. Bochaberi hakuweza kurudi nyuma tena. Sauti zilikuwa chini yake, zinamsukuma, na jambo la ajabu ni kwamba hakutaka kurudi. Alijisikia kama aliyebebwa. Aliimba jina la Orpah, la Fred, la Mwalimu Otiende mwenye penseli isiyopumzika. Aliimba mistari ambayo hakuwa ameitunga na hangeikumbuka kesho. Kisha, bila kukusudia, akaimba kwa sauti ya chini juu ya mtoto anayekua nyumbani mama yake hayupo, mistari miwili tu, na kumi na wawili wale wakashusha sauti zao wenyewe, hakuna aliyewaambia. Alisikia ukimya mpana chini ya wimbo. Aliogopa kidogo kuusikia.

Alipokuja mstari wa mwisho, mguu wa Bi. Nereah, ndani ya kiatu chake cheusi cha Nairobi, ulikuwa unagonga saruji pamoja nao. Mwenyewe hakujua. Alipogundua aliurudisha chini ya kiti.

Hakupiga makofi, watahini hawapigi. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, “Nani alikufundisha kuchelewa kumaliza?”

“Mama mmoja wa Kebirigo, Bibi. Yeye hajui kuwa amenifundisha.”

“Usimwambie,” Bi. Nereah akasema. “Ataanza kufikiri.” Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, “Chai, kusema kweli, hawajanipa.”

Novemba, Otiende alimwita dirishani mwa ofisi yake. “Umepita. Mstari wa tatu bado unanuka kanisa. Na Bi. Nereah ameandika kwamba hajui akupe alama gani, kwa hiyo amekupa za juu kabisa ili asifikirie tena.”

Bochaberi alimshukuru, akatoka hadi nyuma ya jengo, ambako hakuna aliyemwona, akaegemea ukuta.

Mwisho wa mwezi alishuka kwenye basi hapo Kebirigo na godoro lake, sanduku, na cheti ndani ya bahasha. Mong'ina alimtazama, akaenda kujificha nyuma ya Bitutu.

“Usimvute,” Bitutu akasema. “Atakuja.”

Bochaberi hakumvuta. Alichukua jembe akaingia shambani, kwa sababu maharagwe yalikuwa yamevamiwa na magugu, na kila siku alilima pale ambapo mtoto angeweza kumwona. Ilichukua siku tano. Siku ya sita, Mong'ina alikuja mwenyewe mpaka mwisho wa mstari, na kikombe mkononi, akasimama mbele yake na kumwambia kwamba uji umeisha, na kwamba yeye, “Mama,” ampikie mwingine.